Mng'ao wa dagaa juu ya chubwi la risasi

Ninazo oveni mbili. Moja iko jikoni, ya keki na biskuti za Idi. Ya pili iko uani chini ya bati, nimeiandika RISASI kwa rangi nyekundu pande zote zinazoonekana, na hakuna mtoto wala mgeni anayeruhusiwa hata kuweka kikombe juu yake. Ni kioveni cha mtumba, kile kidogo cha kuchomea tosti, nilichokinunua soko la Kongowea kwa shilingi 1,800 baada ya kuvutana bei na muuzaji nusu saa nzima. Leo nataka kueleza kinachotoka ndani ya hiyo ya pili: machubwi, yale mazito ya madini ya risasi ya kuzamishia mshipi, yanayometa kama dagaa. Wateja wameniuliza sana, na kila mmoja nimemrekodia sauti ndefu ya WhatsApp. Bora niandike mara moja.

Nauza vifaa vya uvuvi Likoni, Mombasa, si mbali na feri. Mishipi, ndoana, waya, nyuzi za kushonea nyavu, na machubwi. Machubwi nayasubu mwenyewe, yaani nayeyusha risasi na kuimimina kwenye kalibu, tangu 2011, kazi niliyoachiwa na marehemu baba. Yeye alikuwa akimimina risasi kwenye vifuu vya nazi na vijiko vikuukuu. Mimi nina kalibu ya alumini ya vipande viwili, aliyonichongea fundi wa kukereza vyuma, na humo hutoka kitu tunachokiita kidagaa: chubwi refu la gramu 120, tumbo pana kidogo, mkia mwembamba, waya wa chuma kisichoshika kutu umepita katikati kutoka kichwa hadi mkia. Kinashushwa wima kando ya mwamba mpaka kina unachotaka, kisha mvuvi anakivuta kwa kukistua, juu, chini, juu, na samaki mkubwa anadhani ni dagaa aliyejeruhiwa.

Mteja wangu wa kwanza wa vidagaa ni Ami, mdogo wake baba, anayevua Shimoni na wanawe wawili. Mbele yao uko mkondo wa Pemba, ambako ukitoka kidogo tu nje ya miamba sakafu ya bahari inaporomoka mamia ya mita. Kaskazi ikishika, Disemba mpaka Machi, hapo hupatikana kolekole, nguru, jodari, na chewa wa kubebwa na watu wawili. Ami ndiye aliyeniambia, akiwa ameshika kidagaa changu kiganjani, "Mwanangu, huyu dagaa wako amekufa juzi. Samaki anamwona ni jiwe."

Alisema kweli. Risasi ikitoka kwenye kalibu humeta kama fedha, ukaona kazi imekwisha. Iache mezani siku mbili tatu, hewa ya pwani yetu inaifunika ukungu, kisha kijivu, kisha weusi wa sufuria iliyosahauliwa. Nikajaribu rangi ya mafuta ya kopo, ikabanduka siku ya kwanza ilipogusa mwamba. Nikajaribu rangi ya kucha, ile ya fedha yenye chembe za kumeta. Ilipendeza dukani, ikarudi kutoka baharini imekwanguka yote upande mmoja. Vidagaa vya kutoka ng'ambo vinang'aa vizuri, lakini kimoja bei yake ni sawa na petroli ya nusu safari, na mwamba haubagui cha bei na cha rahisi.

Jibu lilitoka Texas, kwa kaka yangu.

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni madini haya mazito ninayoyayeyusha uani, na risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki. Siku niliyoandika kwenye simu yangu "Leo nasubu risasi, anayetaka aagize" nilipigiwa na watu watatu kwa wasiwasi, akiwemo mwenye nyumba. Sasa huandika chubwi. Lakini kwa kaka maana hizo mbili kweli ni kitu kimoja. Anawinda kulungu kwa bunduki ya .30-30, na risasi zake anazisubu mwenyewe gereji, kila kipande kama gramu 11, kwa madini yale yale ya vipande vya kubalansi tairi ninayotumia mimi. Kule ni burudani halali na watu wengi wanaifanya. Huku kwetu usijaribu kabisa: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza kutengeneza risasi za bunduki bila leseni, na mimi shida yangu ni samaki.

Kaka aliniambia risasi tupu ikipita kwenye mtutu kwa kasi huacha utando wa madini ndani, na utando ule ukijikusanya bunduki inapoteza shabaha. Zamani walizipaka mchanganyiko wa nta na grisi. Siku hizi wengi wamehamia kwenye rangi ya unga, ile ile inayopakwa madirisha ya alumini na mageti. Anatia risasi zake kwenye mkebe wa plastiki pamoja na vigololi vya plastiki vya bunduki za kuchezea na kijiko cha unga, anafunga, anautikisa kwa kuuzungusha kama dakika moja. Msuguano unazalisha umeme tuli, unga unagandia risasi. Anazitoa kwa koleo, anazisimamisha kwenye sinia moja moja, anazichoma nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika 20. Zikitoka zimevaa ngozi ngumu ya plastiki. Kisha anazisukuma kwenye pete ya chuma ili zipate kipenyo kamili, ndipo zinafaa.

Anapenda sana rangi ya shaba. Risasi za kiwandani huvishwa koti la shaba, na yeye anataka za kwake zifanane nazo zikiwa zimepangwa sandukuni. Katika unga huo mara nyingi hamna shaba hata chembe; kinachometa ni magamba membamba ya alumini au ya mika, jiwe la kumeta, yaliyotiwa rangi. Mwaka wa kwanza, aliniambia, za kwake zilitoka na rangi ya matope yaliyokauka, huku unga mwekundu wa kawaida ukitoka safi kabisa mara ya kwanza. Nilimsikia nikapita. Nilipaswa kumsikiliza, maana miezi miwili baadaye nilikuwa nimekwama pale pale.

Unga nilipata bure. Kuna karakana ya madirisha ya alumini upande wa pili wa mji, na kijana mmoja pale ni mtoto wa jirani. Akanipa makopo matatu ya mabaki: jeusi, jeupe, na la fedha. Nikafuata mbinu ya kaka hatua kwa hatua. Nikatikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Unga haukushika. Ulikaa juu ya kidagaa madoa madoa kama poda kwenye shingo ya mtoto mwenye jasho, na nilipokiinua ukamwagika.

Ilikuwa Mei, mvua za masika, kusi imeanza. Unyevu wetu wa Mombasa si wa Texas. Umeme tuli unataka hewa kavu. Hapa kwetu unavuja kabla haujafanya kazi, na unga wenyewe unavuta maji ukafanya madonge. Kaka alisema subiri siku kavu. Nikamjibu, kaka, umesahau ulikozaliwa?

Kilichonitoa ni kuacha umeme tuli kabisa na kutumia moto. Unga huu huyeyuka ukigusa kitu cha moto. Kwa hiyo unakipasha kidagaa kwanza, nyuzi 160 hivi, unakizamisha kwenye unga ukihesabu moja, mbili, unakitoa kimevaa. Hakina haja ya kutikiswa. Tatizo ni kwamba ukizamisha kitu kwenye unga uliotulia unatoboa shimo tu, upande mmoja unapata rangi nene, wa pili mtupu. Unga unatakiwa uwe kama maji.

Na unaweza kuwa kama maji, hili nilikuwa siliamini mpaka nilipoliona. Nilichukua kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili na nusu, chini nikafunga karatasi mbili za kuchujia kahawa, chini ya karatasi nikaacha chumba kidogo, na chumbani nikaingiza mpira wa pampu ya tangi la samaki wa mapambo. Ukiwasha, upepo unapenya kwenye karatasi na kupanda polepole ndani ya unga. Kwanza hakuna kinachoonekana. Kisha unga unavimba, unapanda karibu theluthi, uso wake unalainika, na vipovu vidogo vinaanza kupasuka hapa na pale kama maziwa yanayokaribia kuchemka. Ukitumbukiza kijiti hakikutani na chochote. Ukikiachia kinazama. Ukizima pampu, unga unashuka ghafla na kijiti kinasimama kimekazwa. Binti yangu na mimi tulikaa pale tukiwasha na kuzima kama watu wasio na kazi.

Unga wenyewe sasa naufungia kwenye mikebe pamoja na vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wenye maduka ya viatu wananiwekea. Na barakoa huivui, wala hakuna jiko linalowaka karibu: unga huu laini ukitanda hewani na kukutana na moto unaweza kulipuka, na mapafu hayautaki.

Cheusi kilitoka vizuri siku ile ile. Cheupe pia. Cha fedha kilitoka kijivu. Si kijivu cha risasi, kijivu kingine cha mfu zaidi, kama saruji. Nikachoma tena kundi la pili na la tatu. Saruji.

Nikafunga safari hadi karakana na vidagaa vitatu kwenye mfuko. Yule kijana alimwita fundi wao mkubwa, mzee wa makamo mwenye kofia ya kufuma. Nikamwamkia, akaitikia, akavigeuza juani kimoja kimoja bila kusema. Kisha akaniuliza unga huo nimeutoa wapi. Nilipomwambia ni mabaki, akatikisa kichwa.

"Mama, unachopaka ni unga uliokwisha kupoteza magamba yake."

Akanifafanulia, na tangu siku ile naona mng'ao kwa macho mengine. Unga wa fedha ni vitu viwili vilivyochanganywa: unga wa plastiki, na ndani yake magamba ya alumini, membamba kuliko ya samaki yeyote. Katika unga wa bei rahisi vimechanganywa vikavu tu, havikushikamana. Bunduki ya kupulizia rangi inapouchaji umeme, unga na magamba havisafiri sawasawa. Kimoja kinashika dirisha zaidi, kingine kinaanguka. Kwa hiyo kile kinachozolewa sakafuni na kwenye kichujio hakina uwiano wa kilichotoka kwenye boksi. Uko unga wa bei zaidi ambao magamba yamegandishwa kwenye chembe za plastiki kwa joto, huo hautengani kwa urahisi. Wao karakana kwa madirisha ya fedha hawarudishi mabaki kwenye mashine, huyatupa, ama humpa mtu kama mimi.

La pili alilonieleza ni zito zaidi. Magamba hayang'ai kwa sababu yapo. Yanang'aa kwa sababu yamelala. Gamba lililolala bapa linarudisha mwanga wote upande mmoja, kama ubavu wa samaki. Yakisimama ovyo, hili huku, lile kule, mwanga unatawanyika na jicho linaona majivu. Rangi ikipakwa nene, magamba hayapati nafasi ya kulala kabla plastiki haijaganda. Nami nilikuwa nikizamisha mara mbili na tatu nikidhani nikiongeza unga nitaongeza mng'ao. Na kile kikombe changu cha upepo, lile bomba la pampu nililojivunia, kilikuwa kikiyapepeta magamba kama makapi kwenye ungo.

Nilinunua kilo moja ya unga mpya wa fedha, wa magamba yaliyogandishwa. Ilikuwa gharama. Bado ninao zaidi ya nusu.

Kabla sijafika kwenye mpangilio wa mwisho niseme habari ya oveni kudanganya, maana hapo ndipo nilipopoteza kazi ya wiki nzima. Risasi safi inayeyuka nyuzi 327. Rangi inaiva nyuzi 200. Kuna nafasi ya kutosha katikati, ndivyo nilivyohesabu. Lakini madini ya kubalansi tairi si risasi safi, yana antimoni ya kuyafanya yawe magumu, na mchanganyiko huo huanza kulegea kwenye nyuzi 250 na ushei. Nilining'iniza vidagaa 14, nikageuza kitufe hadi 200, nikaenda kuswali Alasiri. Niliporudi vile vilivyokuwa katikati vilikuwa vimenyooka na kupendeza. Vya pembeni, karibu na nondo ya kupasha moto, vilikuwa vimepinda kama ndizi mkono, na kimoja kilikuwa kimetona mkiani tone la risasi lililoganda sakafuni pa oveni. Rangi haikupasuka, ilipinda nayo. Nikanunua kipimajoto cha oveni cha kuning'iniza. Kitufe kinasema 200, pembeni kipimo kikasoma 265.

Sasa nimeweka kigae cha sakafuni juu ya nondo ya chini ili moto usambae, naipasha oveni dakika 20 kabla, na nasoma kipimajoto, kitufe nimekifunika kwa plasta. Vilevile sitii tena lehemu ya mafundi redio ili madini yatiririke vizuri. Lehemu ina bati nyingi, na mchanganyiko wa bati na risasi unaweza kuanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya joto la rangi kuiva.

Malengelenge ni habari fupi. Kitu kilichosubiwa kina hewa na mafuta kwenye vitundu vyake, na joto likipanda hewa inatoka ikiinua rangi. Dawa ni kukichoma kitupu kwanza dakika 20, juu kidogo ya joto utakalotumia baadaye, kisha kukipangusa kwa kitambaa chenye thina na usikishike tena kwa mkono mtupu.

Haya, mpangilio. Kidagaa kitupu kinatoka oveni, nakizamisha kwenye kikombe cha upepo cha unga mweusi wa kung'aa. Hesabu mbili. Nakigonga kwa koleo kumwaga ziada, nakirudisha oveni dakika nane, mpaka uso wake unakuwa kama lami iliyolowa. Hakijaiva, na sitaki kiive. Tabaka linalofuata lipate kushikamana nalo. Nakitoa, kikiwa bado cha moto nakigeuza polepole kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukigonga chujio la chai lenye unga wa fedha, juu kama shibiri moja. Unaona unga unatua, unakaa sekunde kama vumbi, kisha unalowa na kupotea ndani ya weusi. Hapo ndipo mkono unatamani kuongeza. Usiongeze. Kinapaswa kuonekana kama hakijatosha, weusi ukichungulia. Rudisha dakika nane nyingine, na ukichungulia kwenye kioo utaona weusi unageuka, kwanza majivu, halafu kama mtu anayefungua dirisha, mng'ao unakimbia kutoka tumboni hadi mkiani. Weusi ule chini ndio unaoupa fedha kina. Nilijaribu juu ya nyeupe, ikawa kama bati la paa.

Mwisho ni unga usio na rangi, tena kwenye kikombe cha upepo, kisha dakika 20 kamili kwenye 200 ili vyote viive pamoja. Tabaka hili mwanzo nililiruka kwa kubana matumizi. Magamba ya juu yalibaki wazi, yakapaka vidole rangi ya fedha, na maji ya chumvi yakayafifisha safari mbili tu. Likiwepo, mng'ao uko chini ya kioo.

Kila kundi natoa kimoja kwa majaribio, kama kaka anavyofanya na risasi zake. Nakiweka kwenye jiwe nakibonda kwa nyundo mpaka kinakuwa bapa. Rangi iliyoiva inanyooka pamoja na risasi. Iliyo mbichi inabanduka vipande. Kisha kingine nakisugua kwa kitambaa chenye thina, mara 50, na kitambaa kikitoka na rangi kundi zima linarudi motoni.

Nilianza yote haya kwa ajili ya mng'ao, lakini kuna jambo lilinijia katikati ambalo sasa ndilo linaloniamsha kufanya kazi hii.

Nilikuwa Shimoni nimempelekea Ami vidagaa vipya. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mashua akifunga mshipi, na mikono yake miwili ikiwa na kazi, chubwi la zamani la kijivu alilishika kwa meno. Nilimwona hivyo tangu nikiwa mtoto. Baba alifanya hivyo. Wavuvi wote hufanya hivyo, na machubwi madogo yenye mwanya huyabana kwenye mshipi kwa magego. Siku ile nikaliona na moyo ukashtuka, kwa sababu hapa Mombasa tunajua risasi inafanya nini. Tunayo Owino Uhuru, kule Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu wakazi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, mama aliyepima mtoto wake akakuta sumu hiyo mwilini, ndiye aliyesimama mbele mpaka kiwanda kikafungwa, akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa mjini iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo huathirika ubongo bila mzazi kuona dalili yoyote.

Kwa hiyo nikaweka sheria zangu, na siziregezi kwa mtu. Nayeyusha nje, upepo ukiwa mgongoni mwangu, hakuna mtoto uani siku hiyo. Nguo za kazi hazifuliwi na za nyumbani. Sili, sinywi, mpaka nimeoga. Betri za gari sizivunji wala sinunui risasi yake, kwa kuwa mabamba yake yana vitu ambavyo masalia yake yakikutana na maji yanaweza kutoa gesi ya kuua. Nachukua za kubalansi tairi kwa mafundi wa pancha, nazichambua kwa sumaku maana nyingi siku hizi ni chuma, na zile za zinki nazitoa kwa kuzikwaruza, ni ngumu hazikwaruziki. Zinki huyeyuka nyuzi 419, kwa hiyo moto ukiwa wa kiasi huelea juu nikaiopoa kabla haijaharibu sufuria nzima. Na tone la maji lisikaribie. Tone moja likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke kwa kishindo na kukurushia madini usoni. Siku za mvua sisubu.

Na kila chubwi linalotoka kwangu sasa limevaa rangi, hata yale ya bei ya chini ambayo hakuna samaki atakayeyaangalia. Hayo nayapaka nyeusi tu. Anayelishika kwa meno ashike plastiki iliyoiva.

Machubwi ya kuvulia chini, yale yanayonasa na kukatika kwenye miamba kila safari, nimeacha kuyasubu kwa risasi. Nauza vipande vya nondo vilivyokatwa na kutobolewa. Uingereza walipiga marufuku machubwi madogo ya risasi mwaka 1987 kwa sababu ndege wa majini walikuwa wakiyameza na kufa. Sisi tuna kasa na samaki wetu, na sioni kwa nini tuwape sumu kila siku kwa kitu ambacho chuma kinakifanya vizuri. Nondo ni kubwa zaidi kwa uzito ule ule, wateja wengine walinung'unika. Wamezoea.

Juma lililopita Ami alinirudishia vidagaa vitano vya msimu wa kaskazi vipakwe upya, shilingi 50 kimoja. Viwili vimekwaruzwa na mwamba mpaka risasi inaonekana. Kimoja sikukipaka. Kina alama za meno ya nguru ubavuni, mistari sita iliyokwenda sambamba, imekata unga usio na rangi, imekata fedha, ikaishia kwenye weusi. Haikufika kwenye risasi. Nimekitundika dukani juu ya kaunta, na asubuhi jua likiingia kutoka upande wa feri kinageuka taratibu kwenye uzi wake na kumeta.